Kipimo Kinaposema "Bado" na Mwili Umeshapona

Kama unasoma kijitabu hiki badala ya kutusikiliza redioni, vuta kigoda, mpe mtoto titi kama analitaka, tuongee. Leo sitakufundisha kupika uji wa wimbi wala kukukumbusha tarehe za chanjo. Leo ni historia. Ni historia ya juzi tu, wengi wetu tuliipitia kwa miili yetu, lakini naona tumeanza kuisahau, na swali lake bado linaletwa kwangu pale kliniki. Swali lenyewe ni hili: "Sista, wakati ule wa korona nilipona kabisa. Homa iliisha, kikohozi kikaisha. Nikapimwa tena, nikaambiwa bado ninayo. Je, siku hizo zote nilikuwa nawaambukiza watoto wangu?"

Mama mwingine anauliza akiwa anacheka. Mwingine anauliza machozi yakimlengalenga, kwa sababu siku hizo alinyang'anywa mtoto. Kwa hivyo nitajibu polepole, tangu mwanzo.

Tuanze Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Siku hiyo Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini Kenya. Alikuwa msichana wa miaka 27 aliyerudi nyumbani kutoka Marekani kupitia London tarehe 5 mwezi huo. Unakumbuka yaliyofuata. Shule zikafungwa, kafyu ikaanza 27 Machi, na kuanzia 6 Aprili hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi bila kibali. Hapa Longonot tukabaki tunaangalia barabara, maana hii barabara ya Mai Mahiu ndiyo inayotulisha.

Tarehe 1 Aprili 2020 ikaja habari njema. Wagonjwa wawili wa kwanza walikuwa wamepona, na Rais Uhuru Kenyatta akazungumza nao kwa video, taifa lote likiona. Wengi wetu tulifurahi tu. Hatukuuliza: madaktari wamejuaje kwamba watu hawa wamepona?

Jibu ni kwamba kulikuwa na kanuni. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeitoa 12 Januari 2020, wakati ugonjwa ulikuwa bado China. Kanuni ilisema kwamba mgonjwa asiruhusiwe kutoka mpaka dalili zimwishe, na tena apimwe mara mbili, angalau saa 24 kati ya kipimo na kipimo, na mara zote mbili asipatikane na virusi. Kanuni hiyo haikuwa ya kijinga. Ilitokana na mafunzo ya magonjwa mengine ya ukoo huo huo wa korona, yaani SARS iliyotokea China mwaka 2002, na MERS iliyoonekana Uarabuni mwaka 2012. Ugonjwa ulikuwa mpya, hakuna aliyeujua vizuri, na ukimlea mtoto usiyejua anaumwa nini, unamkinga na kila kitu. Kenya ikafuata kanuni hiyo kama nchi nyingine.

Sasa ngoja nikueleze jinsi kanuni hiyo ilivyokuwa ukiitazama kutoka ndani ya nyumba ya mtu.

Mapema mwezi wa Mei 2020, mama mmoja wa upande wetu huu, kibarua wa shamba la maua, mumewe akiwa dereva wa lori, alipimwa akapatikana na korona. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano aliyekuwa ananyonya titi tu, kama tulivyomfundisha kliniki. Gari lilikuja kumchukua. Majirani wa ploti walisimama milangoni. Mtoto akabaki na shosho yake.

Mama alikohoa siku nne, akapoteza harufu na ladha, na siku ya sita alikuwa mzima. Aliniambia kwa simu kwamba ameanza kufua nguo za wagonjwa wenzake kwa sababu ya kukosa la kufanya. Lakini kipimo kilisema bado. Wiki ikaisha, akapimwa, bado. Akapimwa tena, safi. Akafurahi, akapanga nguo. Kipimo cha pili kikasema bado, kwa hivyo hesabu ikaanza upya. Kila asubuhi alikamua maziwa akayamwaga kwenye sinki. Huku nyumbani shosho alikuwa anampa mtoto maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, kwa kikombe na wakati mwingine kwa chupa. Mtoto akaanza kuhara.

Na hapa niseme ukweli wangu. Mimi ndiye niliyempigia shosho simu nikamwambia, "Mama, tuvumilie, hata akitoka asimguse mtoto mpaka tuone karatasi." Nilikuwa nafuata nilichofundishwa. Sikuwa na lingine la kusema. Mama yule alikaa siku 26. Kati ya hizo, siku 20 alikuwa mzima.

Wakati yeye anahesabu siku, swali lake lilikuwa limeshaanza kusumbua watu wakubwa mbali sana na Longonot.

Mwezi wa Februari 2020, madaktari wa Wuhan, China, walitoa habari ya wahudumu wanne wa afya waliougua wakapona. Walipimwa mara mbili wakaonekana safi, wakaruhusiwa. Kati ya siku 5 na 13 baadaye walipimwa tena, na wote wanne wakapatikana na virusi. Hawakuwa na homa, hawakuwa na kikohozi. Habari hiyo ilitisha watu. Wengine walisema virusi vinajificha mwilini kama chui kichakani. Wengine walisema mtu akipona hapati kinga yoyote, ataugua tena na tena.

Kisha ikaja Korea Kusini. Nchi hii ilipima watu wake kwa bidii kubwa, na mwezi wa Aprili 2020 ikaanza kutangaza watu waliopona ambao vipimo vilikuwa vinawarudia. Kwanza makumi, kisha mamia. Badala ya kubishana, Wakorea walifanya kazi ambayo mimi naiheshimu hadi leo. Waliwachukua watu 285 wa aina hiyo, wakawatafuta wote waliokaa nao karibu baada ya kupona, nyumbani na kwingineko, jumla ya watu 790. Wakawafuatilia mmoja mmoja. Hawakupata hata mtu mmoja ambaye wangeweza kusema kwa uhakika kwamba ameambukizwa na hawa waliopona. Halafu wakachukua makamasi na makohozi ya watu 108 kati yao, wakajaribu kuotesha virusi maabarani, kama vile unavyotia mbegu kwenye udongo kuona kama itachipuka. Hakuna hata moja iliyochipuka. Majibu hayo yalitolewa 19 Mei 2020. Mama yetu wa shamba la maua alikuwa bado ndani.

Ujerumani nako, mjini Munich, madaktari walikuwa wamewafuata wagonjwa tisa siku baada ya siku. Walipata kwamba baada ya siku ya nane tangu dalili kuanza, hawakuweza tena kuotesha virusi hai, ingawa kipimo kiliendelea kusema virusi vipo. Hiyo ilichapishwa mwezi wa Aprili 2020.

Sasa utaniuliza, kama virusi havioti, kipimo kinaona nini? Hapa tulia kidogo, maana ndipo penye ufunguo.

Kipimo kile cha kuingiziwa kijiti puani, ambacho maabara hukiita PCR, kinatokana na ubunifu wa Mmarekani aitwaye Kary Mullis mwaka 1983. Alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 1993. Kazi yake ni kuchukua kipande kidogo sana cha maandishi ya uhai, yale yanayobeba asili ya kila kiumbe, na kukizidisha mara mbili, tena mara mbili, tena mara mbili, mpaka kionekane. Chukua punje moja ya mahindi. Mzunguko wa kwanza zinakuwa 2, wa pili 4, wa tatu 8. Mzunguko wa kumi umeshafika 1,024. Wa ishirini umepita milioni moja. Wa thelathini umepita bilioni moja. Mashine za korona ziliweza kwenda hadi mizunguko 40. Kwa hiyo hata kama puani mwako kumebaki kipande kidogo tu, mashine itakipata.

Lakini mashine haiulizi kama kipande hicho kimetoka kwa kirusi kilicho hai au kilichokufa. Ni kama mtu anayekuja bomani kwako, anaona manyoya ya kuku nyuma ya jikoni, halafu anaandika kwenye daftari: "Hapa kuna kuku." Kuku mlimchinja Jumapili. Manyoya yatakuwepo mpaka upepo na ufagio viyamalize. Mwili nao una ufagio wake. Ngozi laini ya ndani ya pua na koo inabanduka polepole na kujijenga upya, na mabaki ya virusi yanatoka nayo. Kwa wengine huchukua wiki mbili, kwa wengine zaidi ya mwezi. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilieleza kwamba mabaki hayo yaweza kuonekana hata kwa miezi mitatu.

Ndiyo maana pia mtu aliweza kuonekana safi leo, na kesho akaonekana anayo. Manyoya yakiwa machache, leo kijiti kinayagusa, kesho kinayakosa. Hakuna chui kichakani. Ni bahati ya kijiti, na pia mkono wa anayepima.

Jambo hili wala si geni kwetu wanawake. Mama aliyepoteza mimba, kipimo cha mkojo chaweza kuendelea kumwonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa baadaye. Mimba haipo, lakini homoni yake haijaisha mwilini. Nimeona mama akishika kipimo hicho kwa matumaini, na ni kazi ngumu sana kumweleza. Hata malaria ni hivyo. Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kumaliza dawa na kupona, kwa sababu kinaona uchafu ulioachwa na vijidudu, si vijidudu vyenyewe. Hapa Longonot kuna baridi na malaria si nyingi, lakini mtoto akitoka kwa nyanya yake Busia, akatibiwa huko, kisha akapimwa tena hapa, usishangae. Mwambie mhudumu, "Huyu alitibiwa wiki mbili zilizopita," ili aagize damu iangaliwe kwa hadubini. Kifua kikuu pia. Mashine ya GeneXpert huona hata vijidudu vilivyokufa, ndiyo maana mgonjwa akishaanza dawa, maendeleo yake hufuatiliwa kwa kuangalia makohozi kwa hadubini.

Lakini nisikudanganye kwamba kila ugonjwa uko hivi. Historia ina upande mwingine, na ndio uliowafanya wakubwa wawe waoga mwaka 2020.

Kule New York, Marekani, kulikuwa na mpishi aitwaye Mary Mallon, aliyezaliwa Ireland. Alikuwa mwenye nguvu zake, haumwi kitu, lakini familia alizopikia zilikuwa zinaugua homa ya matumbo. Mwaka 1907 alikamatwa, akapimwa choo, na vijidudu hai vya homa ya matumbo vikapatikana. Akawekwa kisiwani peke yake mpaka 1910, akaachiliwa kwa ahadi kwamba hatapika tena. Mwaka 1915 watu walianza kuugua katika hospitali moja ya akina mama, na jikoni akapatikana Mary, akitumia jina lingine. Akarudishwa kisiwani, akakaa huko hadi alipokufa mwaka 1938. Ukijumlisha ni zaidi ya miaka 25. Mary hakuwa na mabaki, alikuwa na vijidudu hai. Hata hivyo mimi huona alionewa, maana wabebaji wengine walijulikana na hawakufungiwa hivyo.

Karibu nasi kuna Ebola. Mlipuko wa Gulu, Uganda, ulioanza mwaka 2000 uliwapata watu 425 na kuua 224. Baada ya mlipuko mkubwa wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, ilithibitishwa kwamba mwanamume aliyepona Ebola anaweza kubeba virusi hai katika shahawa kwa miezi mingi. Kwa hiyo mtu aliyesema, "Ngoja, tusiwaruhusu upesi," hakuwa mtu mbaya. Ilibidi korona yenyewe ichunguzwe.

Ilipochunguzwa, kanuni ikabadilika. Tarehe 27 Mei 2020, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Mgonjwa mwenye dalili angehesabu siku 10 tangu dalili zilipoanza, na siku 3 zaidi bila homa wala shida ya kupumua. Asiye na dalili angehesabu siku 10 tangu alipopimwa. Baada ya hapo angetoka bila kupimwa tena. Hapa Kenya, mwezi wa Juni 2020, Wizara ya Afya ilizindua utaratibu wa kuwatunza wagonjwa wenye dalili ndogo nyumbani. Wengine walisema serikali imeshindwa vitanda, na ni kweli vitanda vilikuwa vichache, lakini sayansi nayo ilikuwa imeshafungua mlango. Mwezi wa Januari 2023 kanuni ilipunguzwa tena, ikawa siku 10 kwa mwenye dalili na siku 5 kwa asiye nazo.

Mwongozo wa vitabuni hubadilika kwa siku moja. Barabarani huchukua muda. Nani anajua hayo kuliko wake wa madereva wa hapa kwetu?

Kumbuka hali ilivyokuwa. Lori linatoka Mombasa, linapita Nairobi, linashuka eskapimenti, linapita Longonot, linaelekea Malaba hadi Uganda, Rwanda au Kongo. Mwezi wa Aprili 2020 Uganda ilianza kuwapima madereva mpakani, na madereva wageni waliopatikana na virusi wakawa wanarudishwa walikotoka. Foleni ya malori Malaba ilienda kilomita nyingi. Mwezi wa Mei Kenya nayo ilifunga mipaka ya Tanzania na Somalia isipokuwa kwa mizigo, na kila dereva akatakiwa kupimwa. Pale Namanga kulitokea ubishi ambao magazeti yaliuandika sana. Madereva waliopimwa upande wa Kenya wakaonekana wanayo, walipimwa tena upande wa Arusha wakaambiwa hawana. Watu wakatukanana mitandaoni, kila mmoja akisema mwenzake ni mwongo. Sijui kilichokuwa ndani ya kila kijiti, lakini wewe sasa unajua habari ya manyoya, unaona jinsi mtu mmoja anavyoweza kupata majibu mawili bila yeyote kudanganya.

Kisha mwezi wa Juni serikali iliagiza mizigo ya nchi jirani ichukuliwe katika kituo cha makontena cha Naivasha, kile kilichofunguliwa Desemba 2019 upande wetu huu wa Mai Mahiu. Malori yakajaa. Wenye vibanda vya chakula waliyafurahia na kuyaogopa wakati huo huo. Dereva alihitaji cheti, na cheti kilitumika siku 14 tu. Hebu fikiria baba aliyeugua Mei akapona. Juni anapimwa, mabaki yanaonekana. Hana homa, ana nguvu za kuinua gurudumu, lakini hana cheti, kwa hiyo hana safari, na bila safari hakuna pesa ya kodi wala ya unga. Wiki mbili zikipita anapimwa tena. Kila mara alipoambiwa "bado," alirudi nyumbani, na mama akawaambia watoto wasimkaribie baba. Najua nyumba ambapo baba alilala ndani ya lori nje ya ploti siku 19, akipelekewa sahani ya chakula na kuwekewa juu ya jiwe.

Sisi Nakuru tulionja kufungiwa tena tarehe 26 Machi 2021, Rais alipofunga kaunti tano kwa pamoja: Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru. Ilikuwa hivyo hadi tarehe 1 Mei. Wakati huo vipimo vya haraka vilikuwa vimeshaanza kutumika. Hivi huona protini ya virusi wakati virusi ni vingi, na kwa kawaida hugeuka kuwa hasi mapema kuliko PCR. Kwa swali la kama mtu anaambukiza leo, kipimo cha haraka kilikuwa na majibu yaliyo karibu zaidi na ukweli. Kwa swali la kama mtu aliwahi kuugua hivi karibuni, PCR ilikuwa na jicho kali zaidi. Tatizo letu lilikuwa kuuliza swali moja na kusoma jibu la lingine.

Kuna watu ambao hesabu ya siku 10 haiwatoshi, na hili lisikupite. Aliyeugua sana hadi kuwekewa oksijeni anaweza kuambukiza kwa muda mrefu zaidi. Na mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, yeye virusi vinaweza kubaki hai kweli. Afrika Kusini kulikuwa na mwanamke wa miaka 36 mwenye virusi vya Ukimwi ambavyo havikuwa vimedhibitiwa, na virusi vya korona vilikaa mwilini mwake siku 216, vikibadilika-badilika. Kwa hiyo mama unayetumia ARV, endelea kuzimeza vizuri, maana zinakukinga na zaidi ya kitu kimoja. Ukiwa unazimeza na virusi vyako vimeshuka, habari ya huyu mama si yako.

Pia, mtu anaweza kuambukizwa upya. Mnamo Agosti 2020, Hong Kong, mwanamume wa miaka 33 alipatikana na korona siku 142 baada ya ile ya kwanza. Walisoma maandishi ya virusi vya mara ya kwanza na ya pili, wakakuta havifanani. Hapo hayakuwa manyoya, alikuwa kuku mwingine. Kwa hivyo mtu aliyepona, miezi imepita, na ghafla ana homa mpya na kikohozi kipya, usimwambie "hayo ni mabaki tu." Avae barakoa, ajitenge kidogo, aende kituoni.

Sasa nirudi kwa titi, maana ndilo lililoniuma. Mwezi wa Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba mama mwenye korona aendelee kunyonyesha. Avae barakoa akiwa karibu na mtoto, aoshe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumshika. Faida ya maziwa ya mama ilizidi mbali hatari ya korona kwa mtoto, kwa sababu watoto wachanga wengi waliougua waliugua kidogo, lakini kuhara kunaua. Hii ilikuwa kwa mama ambaye bado ni mgonjwa, bado anakohoa! Sembuse yule ambaye homa ilimtoka wiki mbili zilizopita, aliyebakiwa na karatasi tu.

Mama yetu alitoka mwanzoni mwa Juni. Vipimo viwili vilikuwa vimekubaliana hatimaye. Alikuja kliniki siku iliyofuata akiwa amembeba mtoto mgongoni, titi limekauka, mtoto amepungua uzito na hataki kunyonya. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilimwambia kwamba mwongozo umebadilika, kwamba siku zile nyingi hakuwa hatari kwa mtu yeyote. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo ningekuwa nyumbani?" Nikamwambia ndiyo, kwa tunavyojua sasa.

Tukaanza kazi. Mtoto kuwekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kila baada ya saa mbili mchana na usiku, hata kama anavuta hewa tu. Maziwa kidogo kwa kikombe, chupa ikatupwa. Mama anywe, ale, alale mtoto akilala, na shosho ashike kazi za nyumba. Siku ya tano kulikuwa na matone. Siku ya kumi na mbili mtoto alikuwa anameza, unasikia koo likifanya kazi. Kila Alhamisi tulimweka kwenye mizani. Mwenye ploti aliwataka wahame kwa sababu ya "ile ugonjwa," ikabidi mzee wa kijiji na mimi tuende kuongea naye, na nilimweleza habari ya kuku na manyoya pale pale mlangoni kwake. Sijui kama alielewa au alichoka tu na maneno yangu, lakini hawakuhama.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha. Kufikia hapo Kenya ilikuwa imeandikisha wagonjwa zaidi ya 340,000 na vifo zaidi ya 5,600. Korona yenyewe bado ipo kati ya mafua mengine, na pengine mtoto wako au wewe mtapimwa tena siku moja. Ukipimwa, uliza mambo matatu: hiki ni kipimo gani, dalili zilianza lini, na kama kuna haja yoyote ya kupima tena. Andika tarehe ya kuanza kwa dalili nyuma ya kile kijitabu cha kliniki cha mtoto, pale penye nafasi. Tarehe hiyo itakufaa kuliko karatasi ya tatu ya maabara.

Kama una swali, njoo kliniki Jumanne au Alhamisi, au mtume mhudumu wa afya wa kijiji chako. Katika mazungumzo yajayo tutaongea juu ya kuhara kwa watoto, jinsi ya kuchanganya ORS, na kwa nini vidonge vya zinki huendelea hata baada ya choo kukaza.